Maksai Aliyekataa Kuvuka Tigithe

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Nimesimama hapa kushuhudia. Jambo lenyewe ni la juzi tu, bado sijalizoea.

Mnalijua shamba letu, hilo hapo nyuma ya kanisa. Nyumbani ni ng'ambo ya Mto Tigithe. Tangu niolewe navuka pale kama mama zetu walivyovuka: unashika mkia wa ng'ombe, anatangulia, anakuvusha. Kabla ya kukanyaga maji tunaangalia juu. Mbingu ikiwa safi, mto ni salama. Nani kati yetu hakufundishwa hivyo?

Juzi tulikuwa tumemaliza kulima, jua linawaka, hakuna wingu hata la kusingizia. Shemeji yangu Marwa akatangulia na maksai mmoja, maji hayakumfika hata magotini, akapanda ukingo wa nyumbani. Mimi nikafuata nimeshika mkia wa Sabuni, yule maksai wetu mweupe, na mwanangu Bhoke amelala mgongoni. Katikati ya mto Sabuni akasimama, masikio juu. Nikampiga kofi, hasogei. Kisha akaanza kugeuka, anarudi tulikotoka!

Ndugu zangu, niliona aibu. Marwa ananiita kutoka ng'ambo, "Shemeji, mwachie huyo mvivu, wewe njoo! Maji yenyewe ni ya kuogeshea watoto!" Na kweli nyumbani palikuwa karibu, na mtoto angeamka na njaa. Nikalegeza vidole. Nasema mbele za Mungu, vidole vilishalegea.

Ndipo nikaona maji yamebadilika miguuni pangu. Yalikuwa maangavu, sasa yamekuwa kama chai ya maziwa, na majani yanapita. Sikuomba sala ndefu. Nilisema "Yesu," nikaukamata ule mkia kwa mikono miwili.

Sabuni akanivuta. Sijui nilikanyaga wapi. Nilisikia mngurumo, nikadhani ni malori ya mgodini. Tulipopanda ukingo nikageuka kuangalia, na pale nilipokuwa nimesimama ukapita mti mzima na mizizi yake, nyuma yake mbuzi wa watu. Na jua linawaka! Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani, sisi hata tone hatukuliona.

Bhoke hata hakuamka usingizini. Nilikaa chini nikawa naishikashika miguu yake kama siku aliyozaliwa. Marwa kule ng'ambo alikuwa amepiga magoti, analia kwa sauti, anaita jina la mtoto, mpaka niliposimama nikampungia kanga.

Ndugu zangu, Mungu yupo. Alimfungua ng'ombe masikio, na mimi akanikaza vidole. Nilizunguka kwa darajani, mbali kweli, nikafika nyumbani jioni miguu imevimba, lakini nilifika na mtoto wangu.

Nilidhani mshtuko umekwisha. Leo asubuhi nimeingia humu kanisani nikaona magauni yamelowa pindo. Mmevuka pale pale! Mmeangalia juu, mmeona mbingu safi, mmevuka. Na wewe Marwa, shemeji yangu, uliyelia siku ile mpaka sauti ikakauka, suruali yako bado imekunjwa magotini.

Mnajua ushuhuda ukiisha huwa tunaitana mbele kuombewa. Leo mimi siwaiti mbele. Mwaminini Bwana kwa moyo, na miguu yenu nayo imwamini. Mbingu ya hapa haijui kilichonyesha milimani. Maji yakibadilika rangi, rudi. Ng'ombe akikataa, usimlazimishe. Ibada ikiisha, mimi na Bhoke tunazunguka kwa darajani, hata kama tutafika jioni. Anayekwenda nasi asimame sasa hivi, nimwone.

Shemeji, kunjua suruali. Simama.