Anapiga Picha na Kifuniko

Kijiwe chetu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya makopo mawili ya rangi, kwenye ukuta wa studio ya picha za vitambulisho. Ubao wenyewe ndio ule ambao Pasipoti, mwenye studio, alikuwa akiwakalishia wateja kabla hajanunua stuli ya kuzunguka, kwa hiyo hakuna mtu mtaani ambaye hajaukalia akaambiwa afunge mdomo, atazame mbele, asicheke. Alasiri hiyo tulikuwa wanne: Dalali wa nyumba, Mzee Bomba fundi wa mabomba, Mama Birika na kahawa yake, na mimi fundi cherehani wa chumba cha pili. Studio ilikuwa imefungwa siku ya nne. Asubuhi ile nilikuwa nimepiga simu moja ambayo wenzangu hawakuijua.

Niseme mapema nisije nikaonekana mbea. Miaka miwili iliyopita, mama yake Pasipoti alipofariki, jamaa alikosa usingizi wiki tatu. Akaacha kusema na watu, akawa anakaa studio taa zimezimwa. Kaka yake mkubwa, mwenye jengo hili, alikuja akampeleka hospitali, na alipokuwa anaondoka akaniachia namba. Akaniambia, "Akianza tena, nipigie siku hiyohiyo. Nitamchukua nikae naye mwenyewe, na studio nitaifunga moja kwa moja."

Sasa jana jioni mke wa Pasipoti alikuja kwangu na sketi ya kukunja pindo. Pindo halikuwa na tatizo lolote.

— Shemeji, mwenzako halali. Usiku kucha yuko juu ya paa na kamera. Anapiga picha mahali ambapo hapana kitu.

— Si nyota hizo?

— Nyota ziko pembeni, yeye anapiga pale katikati. Nimetazama kwa macho yangu haya, giza tupu. Leo alfajiri nikampelekea blanketi, nikamkuta anapiga picha kifuniko kikiwa bado kwenye kamera. Nikamwambia, baba watoto, hujatoa kifuniko. Akanijibu, "Najua."

Hilo "najua" liliniogopesha kweli. Kulipokucha nikaitafuta namba ya kaka yake, nikapiga. Kijiweni niliwasimulia habari ya kifuniko peke yake. Ya simu nikaimeza.

Dalali: Alipiga ngapi hizo za kifuniko?

Mimi: Shemeji alihesabu tano, akachoka, akashuka.

Dalali: Basi hiyo ni kazi ya watu. Kuna kampuni inataka kusimamisha mnara juu ya paa hili. Jamaa anawapimia.

Mzee Bomba: Anapima na kifuniko?

Dalali: Ili washindani wasijue anapima wapi. Mzee wangu, biashara za siku hizi huzijui.

Mama Birika: Wewe nawe, kila kitu kwako ni jengo. Mwenzenu macho yanakwisha. Hakukiona kifuniko, akaona aibu kusema, ndiyo akajibu "najua". Baba yangu alianza hivyohivyo. Anamimina chai nje ya kikombe, ukimwambia, anasema ndivyo anavyopenda.

Hakuna aliyecheka. Mpiga picha asiyeona ataishi kwa lipi, na ana watoto watatu. Nikatazama simu yangu kwa siri. Kaka alikuwa ameandika: "Nimeshuka kwenye basi. Nakuja."

Mzee Bomba: Macho yake ni mazima. Juzi ameona mfereji wangu unavuja kutoka ng'ambo ya barabara. Ninyi jiulizeni, kwa nini mtu afunike kamera? Ile kamera inatazama juu dakika nzima haijapepesa. Kama huko kuna mwenyewe, lazima aulize huyu anayenikodolea ni nani. Jamaa kashtuka, akaifunika haraka.

Mama Birika: Mzee, usiseme maneno hayo, mimi nalala peke yangu.

Dalali: Hapana, subiri, Mzee kagusa penyewe. Amekiona kitu, na kinakuja. Ndiyo maana kafunga studio. Mtu anayejua kitafika siku gani atampigia nani picha ya pasipoti, na huyo anasafiri kwenda wapi?

Mama Birika: Kitafika lini?

Dalali: Muulize yeye. Mimi wiki hii simpangishi mtu nyumba.

Mzee Bomba: Na mimi kuna tangi la watu nimelifungua tangu asubuhi. Nirudi nikalifunge, au niache tu?

Aliuliza kwa dhati kabisa, wala hakuwa anatania. Mama Birika alikuwa ameacha kumimina, birika liko hewani. Mimi nilikuwa naangalia kona ya barabara, na kila mtu mwenye begi aliyetokea pale alinikata maini.

Mara mlango wa studio ukafunguliwa kwa ndani. Pasipoti akatoka, shati limepigwa pasi, ndevu amenyoa, mkononi ana bahasha kubwa. Akajibana katikati yangu na Mzee Bomba.

— Mbona kimya? Nani kafa?

Hakusubiri jibu. Akatoa picha, akaiweka magotini. Ilikuwa nyeusi yenye nyota nyingi mno, na katikati limetanda wingu jekundu, kingo zake zimechanika, na uzi mweusi umepita ndani yake. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile.

Pasipoti: Vitabu vinaliita nebula. Ni gesi na vumbi, liko mbali hata kusema siwezi. Kwa macho hulioni, mwanga wake ni hafifu sana. Nimepiga picha mia mbili, kila moja dakika tano, halafu kompyuta ikazilaza moja juu ya nyingine mpaka likatokea. Mwezi haupo wiki hii tu, ndiyo maana nimefunga studio nipate kulala mchana.

Mama Birika: Na kifuniko?

Pasipoti: Nani kawaambia ya kifuniko? Ah, mke wangu. Kamera ikiachwa wazi muda mrefu hujitilia vidoa vyake yenyewe. Ukiifunika ukapiga, unapata vile vidoa vitupu. Kompyuta inavijua, inavitoa kwenye picha za kweli. Wewe Mama ukienda kununua kahawa, si wanapima kwanza mkebe mtupu?

Mama Birika: Wasipopima naondoka.

Pasipoti: Basi ndiyo hiyo.

Dalali akajifanya anakohoa. Mzee Bomba akaishika ile picha kwa ncha za vidole, akaitazama mpaka akasahau tangi lake. Mimi moyo ulikuwa umepoa kwa furaha, kisha hapohapo ukapata moto upya.

Pasipoti: Niwaambie kitu. Tangu mama afariki sijapata usingizi kama wa wiki hii. Nikishuka paani, nikigusa mto, sijijui. Picha hii namtumia kaka leoleo. Akiiona ataamini kwamba nimepona. Ila ninyi msimwambie habari za paani kabla hajaiona, nawaomba. Akisikia sehemu nusunusu, atanifungia studio.

Nilifungua mdomo nimwambie. Naapa niliufungua.

Ila kaka yake alikuwa ameshakata kona. Alikuja anahema, begi begani, shati limelowa jasho, na mkononi ameshika kufuli jipya bado limo ndani ya plastiki yake. Akasimama mbele ya ubao. Pasipoti alikuwa ameinama anairudisha picha kwenye bahasha, kaka hakumwona uso.

— Mgonjwa yuko wapi?

Pasipoti akainuka, uso umejaa furaha. Kisha akaliona kufuli, akaliona begi, na furaha ikageuka wasiwasi.

— Kaka, karibu. Nani anaumwa?

Mama Birika akainamisha birika, likatoa matone mawili basi. Sisi wengine tulibaki tumekaa kwenye ubao, midomo imefungwa, macho mbele, kama mwenyewe alivyotufundisha.

— Fundi, Pasipoti akaniambia mimi, nani anaumwa?