Dada Yetu Aliyeitwa Turubai

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, nanyi mliosimama kwa kuwa viti vimekwisha, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu na dereva mstaafu, niwasomee habari za maisha ya dada yangu, na kabla sijaanza niseme wazi kwamba mimi si msomi, msomi ni huyu aliyelala hapa, nisamehewe nitakapojikwaa.

Marehemu aliacha agizo kuhusu karatasi hii. Kule kwenye ofisi ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili alikofanya kazi miaka thelathini na mitano, maana ya neno haikukubaliwa mpaka iwe na mfano wa matumizi, yaani sentensi moja inayoonyesha neno likifanya kazi, na maana isiyo na mfano ilipigwa mstari, awe ameileta profesa au mfagizi. Basi akiwa hospitali alimwambia binti yake kwamba historia yake aisome mjomba wao, na kila sifa iwe na mfano, isiyo na mfano ifutwe. Juzi tulikaa mezani mimi na wapwa zangu wawili tukaanza kazi, neno "mpole" likafutwa bila ubishi, maana aliyewahi kumkatiza dada akiwa katikati ya kuandika kadi ya neno anajua alichokipata, "mcheshi" likabaki, na tulipofika "mwenye kusamehe" wapwa zangu wakasema hawana mfano, nami nikawaambia waliache, mfano ninao mimi, ila sikuwaambia ni upi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, nami nilimfuata miaka sita baadaye. Alianza shule mwaka 1956, akamaliza sekondari mwaka 1967, akaingia chuo cha ualimu, akafundisha Kiingereza kuanzia Januari 1970, na wanafunzi wake wanasema alikuwa makini, mfano wake ni kwamba alirudisha insha moja mara tisa kwa mtoto wa mkuu wa shule, na mara ya kumi akampa alama sita.

Tarehe 2 Septemba 1974 aliajiriwa katika ofisi ya kamusi, chumba kirefu chenye meza saba na feni moja iliyokuwa ikilia kuliko kupuliza, ambapo herufi ziligawanywa kwa watu, na kila neno lilikuwa na kadi yake, maana juu, mfano chini, tarehe pembeni. Alikuwa akituambia nyumbani kwamba maneno ya kamusi ni kama wapangaji, wanaishi ukuta kwa ukuta na wala si ndugu, na alipoolewa na fundi saa, tarehe 18 Desemba 1976, alisema kwa Kiingereza mume, "husband", anakaa karibu na "hurt", kuumiza, na upande wa pili yuko "hush", nyamaza, akamshukuru Mungu kwamba wake alihamia upande wa kunyamaza moja kwa moja. Shemeji alicheka, hakujibu. Walijaliwa binti mwaka 1978, ambaye ni muuguzi, na mwana mwaka 1981, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na shemeji alitutoka mwaka 2014.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi waliyoandika wapwa zangu inasema tu, "aliendelea na kazi yake kwa bidii," nami naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo penye mfano wangu.

Dada ndiye aliyenisemea nikapata kazi ya kuendesha pikapu ya ofisi ile. Siku ya Alhamisi, tarehe 9 Mei 1985, ofisi ilikuwa inahamia jengo jipya, nikapakiwa masanduku manne ya kadi za herufi F, kazi ya dada ya miezi kumi na mmoja, nikaagizwa nifunike kwa turubai na niende moja kwa moja. Turubai niliona uvivu kulibeba, nikaliacha stoo, na njiani nikasimama kwa kinyozi rafiki yangu kucheza drafti, mchezo mmoja ukazaa wa pili, mvua ikashuka, na nilipofika kadi zilikuwa zimeshikamana, wino wote umekuwa maji ya bluu. Mkuu wa ofisi akauliza mbele ya watu wote nani kasahau turubai. Mimi nilikuwa nimeshapewa onyo la mwisho, na mke wangu alikuwa na siku nane tangu ajifungue, nikafungua mdomo, wallahi nilifungua, lakini dada akanitangulia, akasema yeye ndiye aliyeniambia nisifunike, kwa kuwa mbingu zilikuwa safi.

Mnajua yaliyofuata, wenzake mliopo hapa. Tarehe 1 Julai mwaka ule alikuwa awe mhariri mkuu msaidizi, cheo akapewa mwingine, na jina la Turubai likamganda mpaka leo, kila wingu likitanda mnamuuliza Turubai umekuja na mwavuli, naye anacheka pamoja nanyi. Mimi kila Jumamosi nilikuwa nikienda kwake kumsaidia kuandika kadi upya, na ninyi mkanisifu kwamba huyu ndiye ndugu wa kweli, anambebea dada yake uzembe wake, nami nikazipokea sifa zile, nikazila, sikutapika.

Jumamosi moja tulifika kwenye "forget", "forgive", na "forgo", yaani kusahau, kusamehe, na kuacha kwa hiari kitu ambacho ni haki yako, nikamwuliza yule wa kwanza na wa pili wanatofautianaje, akasema bila kuinua kichwa kwamba kusahau kunaweza kutokea kwa bahati mbaya, kusamehe hakutokei kwa bahati mbaya hata siku moja. Akaniomba mfano wa "forgive". Nikajifanya nachonga penseli. Alingoja kidogo, akaacha mstari wazi, akavuta kadi inayofuata, na kamusi ilipotoka mwaka 1991 mahali pa mfano ule palikuwa na sentensi baridi ya mwalimu na mwanafunzi mtoro.

Alistaafu mwaka 2009, akaanza kuugua moyo Februari 2021, na akafariki Jumapili, tarehe 12 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na minne. Nimejiuliza sana kwa nini alinichagua mimi kusoma, na kwa nini aliweka ile sheria yake ya mifano, na mimi namjua dada yangu, hakuwa mtu wa kuacha mstari wazi.

Basi uandikwe. Kusamehe: mdogo wake aliharibu kazi yake, akamwachia aibu miaka thelathini na minane, naye alimpokea kila Jumamosi na kumuuliza kama amekula.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopokezana zamu za kukesha naye, na wafanyakazi wenzake, ambao siku ya kustaafu kwake mlimpa turubai jipya kwa mzaha, akalitunza, na ndilo hili mnalokalia kivuli chake tangu asubuhi. Kwenu nina ombi moja, wapwa zangu nanyi mnisikie, jina lile si lake, nirudishieni, na kuanzia leo anayetaka kumwita mtu Turubai aniite mimi, nitaitika. Dada, pumzika kwa amani.