Kidonge cha Sajini Saverio

Treni ya asubuhi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka Nakawa. Sajini mmoja wa polisi, jina Saverio likiwa kifuani, alimwonyesha jirani yake pakiti ya vidonge. “Madam, hii dawa bure kabisa. Inafunga mkojo, sawa, lakini inakausha mdomo. Juzi nimepiga amri kwa gwaride, sauti haikutoka, makuruti wakatembea mpaka kwa ukuta. Ikirudia, mkubwa ananitoa kazini.”

Mama huyo, Mkenya muuza dawa, aliisoma pakiti kwa dharau ya kikazi. “Afande, ngozi ya ndani ya kibofu hutoa kemikali kuziambia neva kuwa kinajaa. Chako hupiga kelele mapema. Kidonge hupunguza hizo kelele. Lakini hata mate hungoja kemikali hiyohiyo ndiyo yatoke.”

“Kwa hiyo dawa haijui tofauti ya kibofu na mdomo? Hata kuruti mjinga anajua kushoto na kulia!”

Behewa zima, ambalo bila shaka halikuwa likisikiliza, lilicheka.

“Basi iache,” mama akasema, “uwe unakimbia gwaride ukitafuta choo.”

Treni ikasimama Namuwongo. Saverio akafungua mdomo amjibu, ulimi ukanata. Mama akamnyooshea chupa yake ya maji. Sajini akaipokea, akakumbuka maji yakishanywewa hutokea wapi, akamrudishia.