Mluzi wa Seremala

Basi halikujaa. Binti mshonaji aliyekaa nyuma ya wanawake wawili alijifanya anatazama nje.

"Tangu aanze vidonge vya sonona, halii tena," mke wa seremala alikuwa akimwambia jirani yake wa kiti, mfamasia. "Lakini na mluzi umekwisha. Anapiga randa kimya kama yuko msibani. Mimi namtaka mume wangu, dada, si fundi wa kukodi."

Mfamasia alicheka kidogo. "Vidonge vinaongeza serotonini, kemikali ya ubongo, na serotonini haizimi ubongo, mwenzangu. Seli nyingine inazituliza, nyingine inaziamsha. Ubongo unahitaji wiki kadhaa kuizoea. Mvumilie."

"Jana nilimficha kidonge."

Hapo binti akasahau kutazama nje.

"Sasa mluzi akaupiga?" mfamasia aliuliza.

"Wapi! Alikitafuta chini ya meza, mtu mzima anatambaa kwa magoti, kisha akaniomba radhi kwa kukipoteza."

Mfamasia hakucheka tena. "Leo utampa?"

Basi likasimama. Mke wa seremala akashuka. Pale kituoni alikunja midomo, akajaribu kupiga mluzi mwenyewe. Ukatoka upepo mtupu.