Mashine Iliyochemka Raskazone

Asiyeamini anyooshe mkono sasa hivi, kabla kahawa haijamiminwa, maana akishakunywa hana tena haki ya kubisha. Hivyo ndivyo Himyar alivyoianza alasiri ile pale Mabawa, mjini Tanga, kwenye benchi refu lililoegemea ukuta wa duka la madaftari la Mzee Khozema, mahali ambapo mtu akipita kimya huulizwa kama kwao kuna msiba. Kijiweni wanamwita Voltiji, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyeiaga shule kidato cha pili akidai shule ndiyo iliyoshindwa kwenda na kasi yake. Kulia kwake alikaa Tadeo, Mbondei wa Muheza, dereva wa bodaboda anayeitwa Klachi kwa sababu kila jambo la dunia hii hulieleza kwa pikipiki. Mbele yao, juu ya kigoda, alikuwapo Ami Mselem na dele lake la kahawa juu ya makaa, vikombe vyake ndani ya ndoo. Zamani alikuwa karani bandarini, na tangu astaafu hakuna sayansi asiyoijua. Mzee Khozema mwenyewe alikaa mlangoni mwa duka lake, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, akisikiliza zaidi kuliko kusema.

— Mie nanyoosha mguu, Tadeo alisema. Mkono nauweka akiba, bado hujasema kitu.

— Nasema sasa. Ile mashine ya Raskazone imepoa. Nimeipoza mie, kwa vidole hivi, bila barafu.

Mashine yenyewe kijiwe kizima kilikuwa kinaijua kwa sifa zake. Ni ya Nilofer, mjukuu wa Bi Shahbanu, binti anayechora nyumba kabla hazijajengwa: unampa ramani, anakurudishia picha unayoweza kuingia sebuleni ukaona jua lilivyoangukia zulia. Kazi hiyo inataka kompyuta yenye misuli. Nilofer akanunua vipande kimoja kimoja, akaagiza madabodi kubwa, ule ubao ambao kila kitu kingine huchomekwa juu yake, akaagiza prosesa mpya ambayo ndiyo ubongo, feni tatu za taa na kasha lenye ubavu wa kioo, kisha akamkabidhi Himyar aviunganishe. Himyar akaviunganisha. Ikawaka vizuri, taa zikacheza rangi zote. Lakini kila ikipewa nyumba ya kuchora, joto lilipanda mpaka digrii mia, na mashine ikajizima yenyewe. Siku nane mfululizo. Jana ndiyo ikapona.

Na Himyar hakuwa amekuja kujisifu kwa kujifurahisha tu. Ndani ya duka la Mzee Khozema, kwenye kona ya dirishani, kuna meza na taa yake, na mzee alikuwa anatafuta fundi wa kompyuta wa kuikalia. Wanaoitaka ni wawili: Himyar, na Bryson mwenye cheti cha chuo, tena cheti kilichofanyiwa laminesheni. Mzee alikuwa ameahidi kutoa jibu leo, kabla dele la Ami Mselem halijaisha. Kila kikombe kilichomiminwa, Himyar alikihesabu.

Akawaeleza alivyofanya. Madabodi, alisema, ilitoka kiwandani na elimu ya zamani, na prosesa ni mpya kuliko hiyo elimu, kwa hiyo mmoja hamjui mwenzake, wanakaa nyumba moja bila kusalimiana. Basi yeye akachukua flashi, akatia humo elimu mpya, akalibadili faili jina kama ubao unavyotaka, akaichomeka nyuma kwenye tundu lake maalumu na kubonyeza kitufe kidogo ambacho, Himyar aliapa, Bryson hajawahi hata kukiona. Kitaa kikaanza kukonyeza. Dakika saba hakuvuta pumzi, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya apdeti hiyo, ule ubao unabaki kuwa sinia la kupangia kashata. Kisha kitaa kikatulia, naye akarudisha roho yake mahali pake.

Kila neno hapo lilikuwa kweli, isipokuwa siku. Himyar aliiruka hiyo siku kama mtu anavyoruka dimbwi la maji mbele ya watu, bila kuangalia chini.

Tadeo hakuridhika. Alisema ile mashine haikuwa mgonjwa hata kidogo, ilikuwa mpya tu.

— Pikipiki mpya huipandishi Lushoto siku ya kwanza, Voltiji. Unaizungusha mjini mpaka vyuma vizoeane. Weye umeitoa kwenye boksi ukaipa ghorofa nzima ichore.

— Kompyuta haina pistoni, Klachi.

— Ndo maana inachemka. Ingekuwa nayo ingepumua.

Ami Mselem akatikisa kichwa kwa huruma aliyonayo kwa wasiosoma. Akasema tatizo ni chumvi. Raskazone ni pwani tupu, upepo unaingia dirishani umebeba bahari, na mashine ina feni tatu kazi yake kumeza upepo. Chumvi ikikutana na umeme, alisema, kinachopikika humo ndani ni kitu ambacho hata yeye bandarini aliwahi kukiona kwenye winchi moja ya Wagiriki. Tena mashine hizi zimezaliwa nchi za baridi. Kosa lilifanyika tangu kuishusha: ilipaswa kwanza ipelekwe Amani ikakae wiki mbili msituni kwenye ukungu, halafu ishushwe Muheza siku mbili, ilale Pongwe usiku mmoja, ndipo iingie Tanga polepole, mwili ukiwa umeshajua joto. Tadeo aliona hilo lina maana, akajitolea kuipakata mwenyewe mbele ya tangi, mradi ivalishwe sweta.

Kikombe kingine kikamiminwa. Tadeo akahamia kwenye taa za feni. Alikuwa amezichunguza siku alipompeleka Himyar kule, akaona feni zinapokuwa nyekundu chumba chote kinakuwa cha moto, zikiwa kijani unasikia ubaridi mpaka kwenye meno. Basi dawa ni kuzifunga kwenye kijani na kuacha. Ami Mselem akamkatiza. Kilichoichemsha mashine ile, alisema baada ya kufikiri upya, ni husuda.

— Nani aliwaambia watie kioo ubavuni? Kila mgeni anaangalia utumbo wa mashine ya watu. Mie utumbo wangu nimeufunika kwa kanzu, mwaona nachemka?

Himyar alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye goti. Akasema kama ni kufunikwa, ilifunikwa. Bi Shahbanu aliivika mashine kitambaa cha kufuma chenye vishada, juu kabisa, pale pale hewa ya moto inapotokea. Na siku yeye Himyar alipokitoa, bibi huyo hakumsemesha hadi chai ya kesho yake. Nyumba ile haivuliwi kitu. Sofa zina nailoni zake za dukani, ukikaa zinalia kama bata. Rimoti imevishwa mfuko na kufungwa mpira. Mlango wa friji una ile karatasi laini iliyokuja nayo, na friji ilinunuliwa Nilofer akiwa anatambaa.

Kijiwe kikacheka kwa moyo, maana hakuna aliyekuwa anacheka ya wenzake. Tadeo mwenyewe tangi la pikipiki yake bado lina nailoni ya kiwandani, mwaka wa pili huu. Himyar akacheka nao, kisha akaacha kucheka kabla yao.

Mzee Khozema akashusha miwani machoni.

— Kwa hiyo dawa ilikuwa hiyo apdeti.

— Hiyo hiyo, mzee.

— Hakuna kingine.

— Kingine nini tena.

Mzee akatia mkono mfukoni mwa koti lake, na funguo zikasikika. Ami Mselem akalitikisa dele. Lilikuwa limebaki na kikombe kimoja, labda na nusu.

Hapo ndipo bajaji iliposimama mbele ya duka, na akashuka Bi Shahbanu, amevaa rida, lile vazi la wanawake wa Kibohora, ya rangi ya pistachio, mwanamke ambaye hajawahi kuonekana kijiweni tangu kijiwe kiwe kijiwe. Wote wakainuka. Shikamoo zikatoka kwa pamoja kama darasani. Akaziitikia moja moja, akauliza hali ya mke wa Ami Mselem, akauliza mguu wa Mzee Khozema, akamuuliza Tadeo kama mvua imenyesha Muheza. Kisha akafungua mkoba, akatoa leso iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya benchi. Ndani yake kulikuwa na kipande cha nailoni angavu, mraba, ukubwa wake kama stempu mbili.

— Nimeikuta kwenye ndoo ya taka, alisema. Imepakwa kitu cheupe kama dawa ya meno. Nimeiosha kwa sabuni, imetakata. Himyar mwanangu, hii inarudi wapi?

Tadeo akainama, akasema inafanana na ya kioo cha simu, ila simu gani mraba. Ami Mselem akaishika kwa ncha za vidole, akainusa, akasema haina chumvi, akairudisha. Mzee Khozema akaitazama kwenye mwanga; kama iliwahi kuwa na maandishi, joto na sabuni vilikuwa vimeyamaliza.

— Kitu kinatoka kiwandani na nguo yake kwa sababu, Bi Shahbanu aliendelea. Kama una kazi nyingi, kesho asubuhi yule kijana Bryson anakuja kuangalia printa, nitampa yeye airudishe. Mjukuu wangu kakaa siku nane analia chinichini kwamba kanunua ubao mbovu, ananiomba msamaha mimi, mimi nasamehe nini? Sasa inafanya kazi. Sitaki ipungukiwe kitu tena.

Himyar aliiangalia leso. Alijua sentensi moja tu ingemtosha: niachie bibi, nitairudisha mwenyewe. Angeitia mfukoni, bajaji ingeondoka, funguo zingetoka kwenye koti, na hadithi ya kitufe na dakika saba ingebaki nzima kama ilivyo. Mdomo wake ulikwisha kufunguka kuisema. Lakini ile leso ilikuwa imepigwa pasi. Bibi alikuwa ameipiga pasi leso ya kubebea taka, na Nilofer alikuwa ameomba msamaha.

— Hairudi, bibi.

— Haina mahali?

— Inapo. Kukaa hapo ndo tatizo lake.

Akakaa, na akasema yote akiwa ameyaangalia makaa ya Ami Mselem. Kuna chuma kizito kinachokaa juu ya prosesa kuinyonya joto, na chini ya chuma hicho kiwandani hubandika nailoni kukilinda, na juu ya nailoni wameandika itolewe kabla ya kufunga. Aliiona. Siku ya kwanza kabisa, mkononi mwake, aliisoma. Na bibi alikuwa amekaa hapo hapo kwenye sofa linalolia, ametoka kumwambia kwamba nyumbani kwake fundi habandui kitu, kikibanduliwa kinachakaa. Akasema moyoni, nailoni nyembamba vile itazuia nini. Akapaka ile dawa nyeupe ya kupitisha joto juu yake, akafunga na skrubu zote nne.

— Ile apdeti niliifanya siku hiyo hiyo, akasema. Bila apdeti isingewaka kabisa, hilo kweli. Ila haikupoza kitu. Jana ndo nilifungua chuma, nikabandua, nikapaka upya. Ikashuka hadi digrii hamsini na kitu, ikachora nyumba nzima bila kupiga kelele. Nilofer hakununua kitu kibovu. Mie ndo niliyemwacha aamini hivyo, siku nane.

Hakuna aliyemtania. Hicho ndicho kilichomuumiza. Kijiwe kikishindwa kukutania ujue umeumia kweli. Bi Shahbanu aliikunja leso mara nne, nailoni ikiwa ndani, akairudisha mkobani.

— Utamwambia mwenyewe, alisema. Leo. Mimi nitakuwa nimekaa hapo hapo.

— Ndiyo, bibi.

Ami Mselem akamimina kile kikombe cha mwisho, akampa Himyar bila kuulizwa. Mzee Khozema alikuwa bado na mkono mfukoni. Akasema kwamba juzi alimuuliza Bryson ni kitu gani cha watu amewahi kukiharibu, na Bryson akajibu hajawahi kuharibu kitu. Yeye yuko dukani miaka arobaini, alisema, na hata kufungua boksi la kalamu amewahi kukosea. Akatoa ufunguo mmoja, mdogo, wenye uzi mwekundu, akauweka juu ya benchi, pale ilipokuwa leso.

— Meza ina vumbi. Uifute kabla hujaweka kitu.

Himyar akanyoosha mkono. Tadeo tayari alikuwa amevuta pumzi ya kushangilia.

— Ndo yote? mzee aliuliza.

Lilikuwa swali dogo, na jibu lililosubiriwa lilikuwa ndiyo, na ufunguo ulikuwa upana wa kidole kutoka ncha za vidole vyake. Mkono ukabaki hapo hapo hewani. Himyar akamgeukia Bi Shahbanu, aliyekuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya bajaji.

— Kuna nailoni nyingine, bibi. Ndogo, chini ya bati la kupozea diski. Hiyo jana niliiona na nikaiacha makusudi. Nilikuonea huruma, nikaona ibaki japo na nguo moja.