Mafuta ya Samaki na Jino la Fundi

Benchi la muuza kahawa lilikuwa mbele ya kibanda cha Fundi Meno, mshonaji aliyepachikwa jina hilo kwa kuwa miaka thelathini amekata uzi kwa meno huku mkasi ukining'inia msumarini. Wiki hii jino lake la mbele lilikuwa linacheza, na fizi zilitoa damu hata akila mkate laini. Daktari wa meno alimweleza mambo mengi, yeye akarudi na moja tu: mafuta ya samaki. Siku ya tatu sasa alikuwa akijipaka kwenye fizi kwa kidole, na paka wa jirani hambanduki. Aliogopa kuwa kibogoyo, tena aliogopa sana.

— Hebu rudia, alisema Breki, fundi baiskeli. Mafuta yanatibuje jino?

— Si jino, ni fizi. Mafuta tunayokula, mwili unayageuza vijichembe. Vingine vinachochea uvimbe. Vingine, hasa vya samaki, vinauambia uvimbe: basi, yatosha, tulia.

— Kumbe kama petroli na grisi! Zote mafuta, moja inalipuka, nyingine inalainisha. Wewe umejaza petroli mdomoni miaka yote.

— Ondoa petroli yako hapa, alidakia Redio, aliyetengeneza redio na kujua kila kitu. Hivyo vijichembe ni ujumbe. Ujumbe unafikaje bila antena? Fundi, paka mpaka masikioni.

— Masikioni tena?

— Nakuuliza, ulishamwona papa kwenye foleni ya daktari wa meno?

— Sijamwona.

— Na mswaki hana! Mafuta anayo mwilini mwake.

— Basi fundi alale na mdomo ndani ya ndoo ya mafuta, akasema Breki.

— Paka amlinde.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Fundi Meno alicheka kwa kufumba midomo, na hilo lilimuuma kuliko fizi.

Mama mmoja aliyeleta sketi ya shule ya mwanawe ipindwe alikuwa amekaa pembeni, kikombe mkononi, akisikiliza.

— Samahani, kaka zangu. Hayo mafuta yakishatuliza uvimbe, ule uchafu ulioganda chini ya fizi, uliouanzisha, anautoa nani?

Breki akamtazama Redio. Redio akapuliza kikombe kilichokwisha kuwa kitupu. Muuza kahawa akainamisha birika. Yakatoka mashapo matupu.

— Daktari hakukwambia, fundi? aliuliza yule mama.

Alimwambia. Kwanza kusafishwa chini ya fizi, kisha samaki mezani, kama msaidizi tu. Lakini fundi aliona vile vyuma vyenye ncha kwenye sinia, akaaga upesi. Kadi ya miadi aliikunja mara nne, akaisukuma chini ya mguu wa cherehani isiyumbe.

Akainama, akaichomoa.

— Ya lini? aliuliza Breki.

— Leo. Saa tisa.

— Sasa ni saa nane na nusu.

Fundi akamaliza upindo wa sketi. Akainua uzi mdomoni kama kawaida yake, akasita.

— Breki, nipe huo mkasi.

Mkasi ulikuwa umeshika kutu, haufunguki. Fundi akatoa chupa ya mafuta ya samaki mfukoni, akaiweka benchini.

— Upakeni haya, mumkatie mama uzi wake, alisema, akashika njia, kadi mkononi.

Paka alibaki na chupa.