Upande wa Kushoto Bado Haujaiva

Mimi kazi yangu ni kuchonga mihuri ya mpira: IMEPOKELEWA, IMELIPWA, NAKALA HALISI. Mbele ya mlango wangu pana benchi la mbao linalotosha watu watano wakipatana, au wanne wakibishana, na kahawa naichemsha mwenyewe hapo ndani, kando ya gundi. Wakaaji wa benchi ni wale wale. Fundi Waya anatengeneza redio mlango wa pili, na vidole vyake vyote vina makovu ya kulehemu. Wembe, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, huja na shuka la kunyolea begani ili wateja wake wajue alipo. Profesa Nusu alisoma chuo kikuu mwaka mmoja na nusu, na mpaka leo hajatuambia alikuwa anasomea nini. Halafu Bwana Faili, karani wa masjala, mtu mpole asiyejua kupandisha sauti, ambaye Jumamosi moja asubuhi alifika amekumbatia boksi jeusi kama mtu aliyebeba mtoto usingizini.

Ndani ya boksi mlikuwa na hedifoni. Wala msifikirie zile zinazouzwa barabarani zimening'inizwa kwenye mwavuli. Hizi vikombe vyake vilikuwa vya mbao iliyosuguliwa ikang'aa, mito yake ya ngozi, na waya wake mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe. Faili alizinunua kwa posho ya likizo ya miaka miwili. Likizo zenyewe alikaa nyumbani.

— Enhe, zimeiva? Fundi Waya akauliza kabla mwenzake hajakaa.

— Bado. Sauti inaegemea kulia. Huku kushoto iko mbali, kama mtu anaimba chumba cha jirani.

— Na muuzaji anasemaje?

— Anasema nisiwe na pupa. Hedifoni za daraja hili haziji zimeiva, lazima uzipigie sauti saa mia tano mfululizo ndipo zifunguke. Nikizihukumu kabla ya hapo nitakuwa nimezionea.

— Na ukitaka kuzirudisha dukani?

— Mwisho siku ishirini na moja. Leo ya kumi na tisa.

Nikachukua kalamu, nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya oda. Siku ishirini na moja ni saa mia tano na nne. Kwa hiyo muuzaji alikuwa amemwachia Faili saa nne za kujua kama amependa au hakupenda. Nikaona huyo bwana ana akili, nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni.

— Unaziivishaje? Wembe akauliza.

— Kazini naziweka kwenye droo ya barua zisizojibiwa. Nyumbani ziko kabatini, nimezifunga blanketi, nimeziwekea sauti ya maporomoko ya maji.

— Kabati linatoa sauti ya maporomoko?

— Usiku kucha.

— Na shemeji yetu anasemaje?

Faili akafuta mfuniko wa boksi kwa kiganja. Haukuwa na vumbi.

— Haongei na mimi. Siku ya nane leo. Anaandika vikaratasi, anabandika kwenye friji. Cha jana kiliandikwa, "Chumvi imeisha. Na mimi nimekwisha."

— Ukamjibu nini?

— Nilinunua chumvi.

Tukanywa kahawa kidogo. Kuna mambo ya nyumba ya mtu, hata kijiwe kikubwa namna gani hakiyaingilii kwa mguu wa kwanza. Tukaona heri turudi kwenye hedifoni.

— Lete nisikilize, Fundi Waya akasema.

Akazivaa, akafumba macho. Faili akabonyeza simu, wimbo ukaanza. Tulijua umeanza kwa sababu Waya alinyanyua kidole kimoja.

— Mm. Kweli. Imeegemea kulia. Shaba ya waya wa kushoto imelala. Mnajua, shaba ni kama mtu, ikikaa dukani muda mrefu inasahau kazi. Kosa lako ni maporomoko. Maji yanabembeleza. Wewe ulitakiwa uipigie mkwaruzo, ule wa redio ikiwa katikati ya stesheni mbili. Ikasirike, iamke. Samaki mkunje angali mbichi!

— Huko ndiko kuivisha au kuchokoza? nikauliza.

— Mwalimu asiyechapa hafundishi, bwana Mihuri.

Profesa Nusu akazipokea kwa mikono miwili. Alisikiliza muda mrefu kuliko Waya, kwa sababu ndiye msomi.

— Sauti ina upana, akasema. Namwona mwanamama anayeimba. Amesimama. Mpiga gitaa yuko hatua mbili nyuma yake, na amevaa koti.

— Koti unalisikiaje?

— Mkono unachelewa kidogo. Lakini kweli, ukumbi mzima umehamia kulia, kama watu wamekimbia mvua. Waya, wewe unatibu homa huku mgonjwa kavunjika mguu. Shida ni umeme. Faili, simu unaichaji saa ngapi?

— Jioni, nikitoka kazini.

— Unaona! Umeme wa jioni umeshatumiwa na watu. Umepita kwenye pasi, umepita kwenye mashine ya kusaga, unakufikia umechoka. Chaji alfajiri. Halafu huwa unakaa umeangalia wapi?

— Naangalia ukuta.

— Ukuta wa upande gani? Dunia inazunguka, bwana. Ukikaa vibaya inakuvutia sauti upande mmoja. Na miguu isiguse chini, maana sauti nyembamba inashukia ardhini. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini lako bado tunaweza kuliwahi.

Faili, mtu wa kutii maelekezo, akageuka akawapa wapita njia mgongo, akainua miguu na kuiweka juu ya ndoo niliyoipindua kwa ajili yake. Akajaribu tena. Akatikisa kichwa: bado kulia.

Hapo ndipo Wembe alipozichukua. Hakufumba macho. Alikuwa anamwangalia Faili kichwani.

— Besi naipata, akasema. Besi nzuri, ina adabu, inabisha hodi kabla haijaingia. Lakini iko chini sana upande wa kushoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nyinyi mnahangaika na shaba na umeme, wakati sikio halipiti kichwa! Mimi nimemnyoa huyu miaka sita. Nywele za kushoto ni nzito kuliko za kulia. Mto wa ngozi haukai sawasawa, sauti inavujia kwenye nywele.

— Inavuja?

— Inavuja kama paa. Tulia hapo.

Alikuwa na mashine yake mfukoni, ya betri. Kabla sijaondoa vikombe vya kahawa, shuka lilikwisha kufungwa shingoni mwa Faili, na nywele za kushoto zikawa zinaanguka kwenye benchi langu. Alinyoa kuanzia kwenye paji la uso mpaka kisogoni. Upande wa kulia hakuugusa, kwa sababu, alisema, upande wa kulia haujalalamika.

— Na wewe Mihuri jaribu, wakaniambia.

Nikajaribu. Nilisikia mwanamama anaimba vizuri, na gitaa. Niliwatazama wale watu wanne wakinisubiri. Faili alikuwa amekaa nusu kipara, miguu juu ya ndoo, na macho yake yalikuwa yananiomba nisimwache peke yake na ile sauti ya kulia.

— Inaegemea, nikasema. Kidogo. Kulia.

Sasa tulikuwa watano dhidi ya muuzaji. Profesa akasema twende dukani wote. Waya akasema hapana, siku mbili zimebaki, tuzipige mkwaruzo bila huruma. Wembe akaanza kueleza kwamba meno nayo yanachangia, Faili aangalie jino gani la kushoto limetoboka. Wakati huo mwanamke akawa amesimama mbele yetu, amevaa ovaroli lenye weusi wa matairi magotini.

— Shemeji, akasema.

Faili akageuka haraka mpaka ndoo ikaanguka. Alikuwa dada mkubwa wa mkewe, mwenye karakana ya kubadilisha na kusawazisha magurudumu ya magari, barabara ya juu.

— Shikamoo, dada.

— Marahaba. Nani kakufanya hivyo kichwani?

Wembe akaitia mashine mfukoni. Profesa akamsogezea mgeni nafasi, akasema kwa furaha kubwa, mgeni njoo, mwenyeji apone, akidhani maana yake ni kwamba sasa Mihuri ataongeza kahawa.

— Sikai, yule mama akasema. Nimekuja kukuuliza jambo moja, shemeji, na nataka unijibu mbele za watu ili usije ukasema sikuuliza. Mdogo wangu asubuhi hii kanipigia simu analia. Anataka kuja kukaa kwangu. Anasema mnakula meza moja, anaongea na wewe, wewe kimya. Anakuuliza shule ya mtoto itafunguliwa lini, kimya. Alikwambia mama yetu anaumwa, ukaomba upewe mchuzi. Kosa lake nini?

— Aliniambia mama anaumwa?

— Jumapili. Mezani.

— Mimi sikusikia, dada.

— Ndiyo hayo. Husikii, kwa sababu ya haya madude.

— Mezani sizivai! Dada, haki ya Mungu, mezani ziko kabatini. Mwenyewe naona kakasirika tu, ananung'unika hapo kushoto kwangu, halafu ananyanyuka.

Ule upara wa nusu ulimfanya Faili aonekane kama mtu aliyetolewa hospitalini kabla ya wakati.

Yule mama akamtazama. Halafu akaziangalia hedifoni mikononi mwangu.

— Zina nini?

Wote wanne tukamjibu kwa pamoja: zinaegemea kulia. Shaba imelala, umeme umechoka, nywele zinavuja. Alingoja mpaka tukaishiwa pumzi.

— Mmezigeuza?

— Kuzigeuza vipi? Waya akasema.

— Gari likivuta kulia, mtu anakimbilia kusema tairi bovu. Mimi sinunui tairi. Nachukua la kulia nalifunga kushoto, la kushoto nalifunga kulia, naendesha gari. Likianza kuvuta kushoto, kweli tairi bovu. Likiendelea kuvuta kulia, tairi halina kosa. Gari ndilo linaumwa.

Fundi Waya ameshika redio miaka ishirini na mbili. Nilimwona akitazama vidole vyake.

Mama akazichukua kwangu, akazigeuza, akamvika shemeji yake mwenyewe, kikombe cha kushoto kwenye sikio la kulia. Akabonyeza simu.

— Sasa inaegemea wapi?

Faili akasikiliza. Akazishika kwa mikono miwili, akazibana, akasikiliza tena.

— Kulia, akasema.

— Una hakika?

— Bado kulia.

Akazivua polepole. Mama akapita nyuma yake, akamziba sikio la kulia kwa kiganja, akainama upande ule ulionyolewa, akasema neno karibu kabisa na sikio. Sisi tulilisikia hata tuliokuwa mwisho wa benchi. Alisema, "Mke wako anakupenda, mjinga wewe."

Faili akaendelea kutazama mbele, akisubiri aambiwe kitu.

Zahanati iko mtaa wa pili. Walienda vile vile, yeye na shuka shingoni, mama kamshika mkono kama anamvusha barabara. Sisi tulibaki tunafagia nywele, na kwa mara ya kwanza tangu benchi liwekwe, kazi ya kufagia ilikuwa na watu wanne wanaoigombania. Walirudi karibu na adhuhuri. Sikio la kushoto lilikuwa limezibwa na nta ngumu kama sabuni iliyosahauliwa juani, na nyuma ya nta mlikuwa na usaha tangu yale mafua ya miezi mitatu nyuma. Daktari alimwambia angechelewa zaidi kiwambo cha sikio kingetoboka. Wamempa vidonge na matone ya siku kumi. Usikivu utarudi, si mara moja, ila utarudi.

Faili hakukaa. Alitoa simu, akaiweka sikio la kulia, akaenda kusimama kwenye ngazi ya duka langu. Tulijifanya hatusikilizi.

— Ni mimi, alisema. Usikate. Mama anaendeleaje? Hapana, nauliza kweli. Sikukusikia. Sikukusikia, mke wangu, nilikuwa mgonjwa na sijui. Niambie tena. Yote, tangu Jumapili. Nina muda.

Akawa anasikiliza. Alisikiliza muda mrefu, kichwa kimeinama, na hakusema kitu zaidi ya "ndiyo" na "nisamehe".

Mama wa magurudumu alikuwa sasa amekaa, amekubali kahawa. Alikuwa amezivaa zile hedifoni, sawasawa, kushoto kushoto na kulia kulia, na mguu wake unafuata gitaa. Wimbo ulipoisha akazivua, akazirudisha kwenye boksi, akatugeukia.

— Nzuri hizi, akasema. Pande zote sawa. Ila kuna kitu sikielewi. Shemeji yangu alikuwa anasikia kulia kwa sababu kushoto kumeziba. Hilo limeisha. Nyinyi wanne masikio yenu ni mazima, na kila mmoja wenu alizivaa akasema inaegemea kulia. Mlikuwa mnasikia nini?

Fundi Waya alisema anadhani aliacha chuma cha kulehemu kwenye moto, lakini hakunyanyuka. Wembe aliangalia ng'ambo kama kuna mteja. Hapakuwa na mteja. Profesa Nusu akainama kukusanya vikombe vya kahawa, jambo ambalo sijawahi kuliona. Wakanitazama mimi.

— Semeni basi, mama akasema, akapuliza kahawa yake. Mimi nasikia.